Jina la Mtu Lililogeuka Kitenzi

Yako maneno ya Kiingereza ambayo chimbuko lao limefichwa na karne nyingi. Neno boycott, ambalo maana yake ni kususia, si mojawapo. Mahali lilipozaliwa na mwezi wa kuzaliwa kwake vyajulikana.

Mwaka 1880, katika wilaya ya Mayo, magharibi ya Ireland, alikaa Mwingereza mmoja, Kapteni Charles Boycott, wakala wa mashamba ya Lord Erne. Mavuno ya miaka ile yalikuwa mabaya. Wakulima waliomba wapunguziwe robo ya kodi ya ardhi; bwana shamba alikubali sehemu moja ya kumi tu, na Boycott akaanza kuwapelekea hati za kuwafukuza. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 19 Septemba, Charles Stewart Parnell alikuwa amehutubia watu mjini Ennis. Aliwashauri wasimwue atwaaye shamba la mwenziwe aliyefukuzwa, bali wamtenge njiani, dukani, sokoni, hata kanisani.

Shauri lile likamwangukia Boycott, ingawa yeye hakuwa mtwaaji bali mfukuzaji. Vibarua wakaacha kazi, mhunzi akamkataa, dobi hakufua nguo zake, na barua zake zikakosa mchukuzi. Mwezi wa Novemba wakaja wavunaji wapatao 50 kutoka Cavan na Monaghan, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Ilikadiriwa kuwa pauni 10,000 zilitumika kuokoa mazao ya pauni 500. Hesabu ya ajabu hiyo, msomaji! Mavuno yalipokwisha, Boycott naye aliondoka Mayo.

Mwandishi wa Kimarekani, James Redpath, alisimulia kwamba alitafuta neno la kuitaja adhabu ile. Kiingereza kilikuwa nalo moja la asili ya Kiyunani, lakini Padri John O'Malley aliona kuwa wakulima wasingelielewa; akapendekeza jina la Boycott mwenyewe. Kwa maoni yangu padri yule aliijua lugha kuliko mabingwa wengi. Kabla mwaka haujaisha magazeti ya London yalikuwa yakilitumia, kisha likapokewa na Wafaransa, Wajerumani na Warusi. Kiswahili hakikulihitaji: mtoto aliyesukuma sahani kwa hasira alikwisha kuitwa msusaji.

Boycott alifariki mwaka 1897, jina lake likiandikwa kwa herufi ndogo.