Saa ya Mkononi na Macho ya Watu

Katika mabaraza ya pwani, hasa siku za harusi na siku za matanga, huonekana ishara moja ndogo. Mtu aliyerudi safari, ya Maskati au Dubai au Ulaya, huingia, huvua viatu, huwaamkia wakubwa, na kabla hajakaa huuvuta chini mkono wa kushoto wa kanzu yake. Ndani ya mkono ule mna saa ya thamani. Hakuiiba wala hakumdhulumu mtu. Ameinunua kwa jasho lake. Njiani, akiwa peke yake, aliitazama mara kwa mara kwa furaha. Lakini mbele ya watu wake saa ile inakuwa nzito, na kitambaa cha kanzu kinafanywa pazia.

Tafsiri ya haraka ni kwamba mtu huyo anaogopa kijicho, au anawaogopa wezi. Huenda ni kweli, lakini si kweli yote. Mbele ya wezi mtu huficha mali yake kwa hofu; mbele ya mjomba wake aliyevaa kanzu iliyofuliwa mara mia huificha kwa haya. Hofu na haya si kitu kimoja. Na haya hiyo ina historia ndefu katika visiwa na miji ya pwani, ndefu kuliko saa yenyewe.

Tuanze Kilwa. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alifika Kilwa na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemeni alimsimamisha njiani na kumwomba nguo zile zile alizozivaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ile ile. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, na zile za kwanza akamwachia mwombaji, naye akazifunga, akajitwika, akaenda zake. Watu wakamshukuru mfalme wao kwa unyenyekevu na ukarimu.

Kisa hicho husimuliwa kwa fahari, na kinastahili. Hapa pana mtu aliyekuwa na pambo mwilini mbele ya asiye nacho, akaona njia ya kuiondoa tofauti ile ni kulivua. Lakini kisa hakiishii hapo. Mrithi wa sultani alizichukua nguo zile kwa fakiri na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu tendo lile, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msomaji wa leo hana budi kusimama hapo. Joho moja lilithaminiwa kwa watu kumi. Ukarimu uliosifiwa barabarani ulilipwa kwa miili ya wengine, ambao msafiri hakutaja majina yao, na ambao hatuambiwi walivaa nini.

Huo ndio uzi unaopita katika historia yote ya mapambo ya pwani. Kila pambo lilikuwa na pande mbili: upande wa aliyelivaa, na upande wa aliyelilipia.

Pate nayo ilipata zama zake za neema. Tarehe za mji huo zinasimulia nyumba kubwa zenye taa za shaba, na ngazi za fedha ambazo matajiri walizipanda kuingia vitandani mwao. Baada ya vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, nguvu za Pate zilikwisha kuvunjika. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya nyumba zile akatunga Al-Inkishafi. Utenzi ule hauwazomei matajiri wala kufurahia kuanguka kwao. Mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe. Anauonyesha kumbi zilizokuwa na taa na sasa zina giza, vyumba vya mabibi ambavyo wadudu na popo wamevirithi, na waungwana waliotembea kwa madaha ambao sasa wamo kaburini. Swali lake halikuwa kwa nini wale walivaa vile. Alikuwa akijiuliza yeye mwenyewe anajivunia nini.

Tangu hapo haya ya pambo imekuwa na lugha yake katika Kiswahili. Mtu aliyekua akisikia utenzi ule ukisomwa hawezi kuvaa kitu cha thamani bila sauti ndogo kumuuliza kitadumu siku ngapi. Na kwa mwenye saa mkononi lugha yenyewe inaongeza jambo: neno saa, tulilolipata kwa Waarabu, ni jina la chombo, ni jina la kipimo cha muda, na katika Qur'ani ni jina la Kiyama.

Saa za Ulaya zilikuwa kwanza mapambo ya majumba. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, akaeleza jinsi vyumba vya jamaa zake vilivyopambwa kwa vioo vikubwa na kwa saa za namna nyingi. Si kwamba wakubwa wale walikuwa na haja ya saa nyingi ili wajue wakati. Jua lilikuwapo, na mwadhini alikuwapo. Saa ukutani ilisema kitu kingine: kwamba mwenye nyumba hufikiwa na majahazi na merikebu za mbali.

Nje ya vyumba vile, mwili wa binadamu ulikuwa umeandikwa daraja yake waziwazi. Muungwana alivaa kilemba, joho na viatu. Mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya bwana wake, na nguo yake ilikuwa merikani isiyo rangi au kaniki. Kwa hiyo makubadhi hayakuwa ngozi tu ya kukinga mguu na mchanga wa moto. Yalikuwa tangazo. Kila aliyepita amevaa alimkumbusha asiyevaa kwamba amekatazwa. Anayetaka kujua kwa nini mtu wa pwani huvua viatu vyake kwa uangalifu na kuviweka pembeni, vizuri vikichanganyika na vibovu, na akumbuke kwamba mlango wa msikiti ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo tangazo lile lilinyamazishwa.

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa mpenda fahari, na hakuificha. Lakini sehemu ya fahari yake aliitoa nje. Aliuletea mji maji ya mifereji, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Mbele ya majumba yake ya pwani ulisimama mnara wa taa uliokuwa na saa. Mnara huo uliharibiwa tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipoipiga Unguja mizinga, na jumba lilipotengenezwa upya likapewa mnara wa saa kifuani mwake. Saa ya mnarani ni tofauti na saa ya ukumbini. Aliitazama sultani, akaitazama na mchukuzi wa karafuu. Nahodha aliisoma kutoka baharini. Haikumwonea mtu haya, wala mtu hakuionea haya, kwa sababu haikuwa mkononi mwa yeyote. Hata hivyo nayo ililipiwa. Barghash alikuwa ametia saini mwaka 1873 mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, lakini mashamba ya karafuu yaliyoijaza hazina yaliendelea kulimwa na watumwa.

Hukumu ya kuondoa utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897. Moja katika mambo ya kwanza waliyoyafanya waliokombolewa lilikuwa kuvaa. Wanawake waliacha kaniki wakajifunga kanga, nguo iliyozaliwa katika miaka hiyo hiyo kutokana na leso zilizoshonwa pamoja. Baadaye wakavaa buibui. Wanaume wakatia kofia na kanzu na viatu. Waungwana wa zamani wako walionung'unika kwamba watumwa wamejisahau. Lakini mwanamke aliyepita njiani na doti mpya hakuwa akiringa. Alikuwa akisema, bila kufungua kinywa, kwamba yeye ni mtu.

Jambo hili ni la kutiliwa uzito, kwa sababu wengi wanaosema juu ya mapambo huona upande mmoja tu. Husema pambo ni kiburi na kujificha ni unyenyekevu. Historia ya pwani inakataa mizani hiyo nyepesi. Siti binti Saad, mwana wa Fumba, mzao wa watumwa, alipita akiuza vyungu kwa miguu kabla ya kuwa mwimbaji. Mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Alidharauliwa kwa nasaba na kwa sura, naye akajibu kwa wimbo. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake hakuandika juu ya mwanamke aliyepaswa kuona haya kwa kuwa watu wanamtazama. Alipanda jukwaani akatazamwa, na kutazamwa kule kulikuwa haki iliyonyimwa wazee wake.

Saa ya mkononi ilifika katikati ya mambo haya. Huko Ulaya kwanza wanaume waliikataa wakiiona bangili ya wanawake, wakashikilia saa ya mfukoni yenye mkufu. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwabadilisha, kwa kuwa askari hakuwa na nafasi ya kuingiza mkono mfukoni. Pwani, saa ikawa alama ya karani, mwalimu, baharia. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Watu waliuawa, wengine walikimbia, mashamba na nyumba zikachukuliwa, na kwa muda kuonekana mwenye nacho kukawa hatari. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Na lugha ikazoea neno Wabenzi, la kuwacheka wakubwa kwa magari yao. Haya ya kale ya moyoni ikawekewa juu yake haya mpya ya siasa.

Wakati huo huo, ng'ambo, Oman ilifungua milango. Sultan Qaboos alishika utawala mwaka 1970, na watu wengi wenye asili ya Oman waliokuwa wametoka Zanzibar wakahamia huko kufanya kazi. Katika miaka hiyo ya sabini zilitengenezwa saa za Rolex zenye alama ya jambia usoni, zikaagizwa kwa kupitia duka la Asprey la London, zikatolewa kuwa zawadi kwa waliomtumikia sultani. Leo wakusanyaji huzigombea minadani. Ajabu yake ni kwamba Seiko ya Japani ilikuwa imekwisha kutoa, mwezi Desemba 1969, saa ya kwanza ya mkononi inayoendeshwa kwa kwatzi. Haikupita miaka mingi, saa ya bei ndogo ikawa inashika wakati barabara kuliko saa ya thamani ya shamba. Tangu hapo mwenye saa ghali hawezi tena kusema ameinunua ili ajue saa ngapi. Amevaa pambo, na mkono wake unajua.

Dini, ambayo pwani huipima kila jambo kwayo, haikumwacha mtu huyu bila neno. Imemharimishia mwanamume dhahabu. Lakini imepokewa pia kwamba Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba hupenda kuona athari ya neema yake kwa mja wake; na kiburi kikafasiriwa kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu, si kuvaa vizuri. Imepokewa vilevile kwamba Mtume alivaa pete kisha akaivua, akieleza kuwa imemshughulisha: mara alikuwa akiitazama pete, mara akiwatazama masahaba zake. Hakuna maneno yanayomfaa zaidi mtu wa barazani. Uzito wa ile saa yake hauko katika chuma wala dhahabu. Uko katika macho yanayogawanyika, nusu kwa kitu, nusu kwa watu, na watu wakawa hawapati tazamo kamili.

Kwa hiyo anayeuvuta mkono wa kanzu asichekwe, wala asisifiwe haraka. Huenda anamkumbuka fakiri wa Kilwa. Huenda anaukumbuka, asijue, mguu uliokatazwa kiatu. Lakini aujue na upande wa pili: mjukuu wa aliyekatazwa kiatu naye leo amenunua saa, naye akiivaa waziwazi mbele ya watu si lazima awe anaringa. Saa ni moja. Mikono miwili imeivaa kwa historia mbili. Kitambaa cha kanzu hakiwezi kuyatenganisha hayo. Kinachoweza ni swali ambalo mvaaji hujiuliza mwenyewe, kama mshairi wa Pate alivyojiuliza: ni nani aliyelilipia pambo hili, na je, ninamtazama?

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na mnara wa saa ukaanguka pamoja nayo. Watu wawili walikufa. Walikuwa mafundi, kazini, wakilitengeneza jumba.