Samaki wa Kaisari



Kaisari Domitian alitawala Roma tangu mwaka 81 hadi alipouawa mwaka 96. Chini yake fumbo lilitosha kumwangamiza mtu. Suetonius aeleza kwamba Hermogenes wa Tarso aliuawa kwa sababu ya mafumbo katika kitabu chake cha historia, na walionakili kitabu hicho wakasulubiwa.

Baadaye mshairi Juvenal alitunga shairi la dhihaka. Mvuvi ampelekea Domitian samaki mkubwa ajabu. Kaisari awaita wakuu wa dola, si kwa ajili ya vita wala njaa, bali waamue samaki apikwe vipi. Nao kwa woga washindana kumsifu. Lakini tuzingatie: Domitian alikuwa amekwisha kufa. Juvenal mwenyewe alitangaza kwamba angewasema waliokwisha zikwa.

Wazee wetu wa Kongo hawakungoja kaburi. Hamed bin Muhammed, tajiri wa pembe na watumwa aliyekaa Kasongo, asimulia kwamba aliitwa Tippu Tip kwa mlio wa bunduki zake. Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, akajivunia jina hilo. Kisha likawa jina la dola ya Leopold II, mfalme asiyewahi kukanyaga Kongo. Na kwa waliolazimishwa kuleta mpira lilitaja nguvu iliyowavunja wao. Dola hiyo ilipoiteka Kasongo mwaka 1893, mwenye bunduki alibadilika, mlio ukabaki ule ule.

Naye Bwana wetu? Alipoambiwa kwamba Herode ataka kumwua, alimwita mbweha, akawaagiza waliomletea habari waende wakamwambie (Lk 13:31-32). Herode alikuwa hai na mwenye jeshi. Yesu akaendelea kuponya wagonjwa, kisha akashika njia ya Yerusalemu.

Nasi hapa Kabambare twawapachika wakubwa majina, tukiyatamka wakiisha kupita. Kicheko hicho chapoza moyo, lakini hakiondoi kizuizi kimoja cha barabarani kinachomnyang'anya mama fedha ya mihogo yake. Pale ambapo neno laleta kifo, fumbo ni kinga ya mnyonge, wala tusimlaumu. Lakini tukinyamaza kwa kuogopa tu kukosa nafasi mezani, tumeketi pamoja na washauri wa samaki.

Tujiulize kikundini: ni ukweli gani tunaousema pembeni, ambao tungeweza kumfikishia mhusika kwa heshima, wengi pamoja?