Palermo: Nguzo ya Kanisa na Fatwa ya Imam al-Mazari



Tulijaaliwa kukaa siku tatu Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia nchini Italia, na tuliuzunguka kwa miguu. Njia kuu ya mji wa kale wenyeji huiita Cassaro, nalo ni neno al-Qasr, kasri kwa lugha yetu. Mtaa wa karibu na bahari ni Kalsa, yaani al-Khalisa. Asiyejua Kiarabu hupita humo asitambue kitu.

Kwenye ukumbi wa kusini wa kanisa kuu ipo nguzo iliyochongwa aya ya 54 ya Suratul-A'raf. Watalii walikuwa wakipiga picha za mlango. Sisi tulisimama tukiisoma herufi baada ya herufi, hata mlinzi akaanza kututazama. Hapo ulikuwapo msikiti wa Ijumaa.

Waislamu waliingia kisiwani mwaka 212 Hijria (827), wakiongozwa na Asad bin al-Furat, kadhi wa Qayrawan na mwanafunzi wa Imam Malik. Yeye alifariki mwaka uliofuata, Syracuse ikiwa imezingirwa. Palermo ilifunguliwa mwaka 216 (831), ikabaki mikononi mwa Waislamu mpaka Wanormani walipoitwaa mwaka 464 (1072). Ibn Hawqal, aliyefika mwaka 362 (973), alitaja misikiti zaidi ya 300. Pia aliwalaumu walimu wa mji, kwamba wengi waliukimbilia ualimu ili wasamehewe jihadi. Sisi walimu sehemu hiyo huipitia haraka!

Lililotushughulisha zaidi ni hali ya Waislamu waliobaki chini ya wafalme wa Kinormani. Je, hukumu za kadhi aliyewekwa na mtawala asiye Mwislamu zinakubalika? Imam al-Mazari (aliyefariki 536/1141), mwanachuoni wa Kimaliki anayenasibishwa na mji wa Mazara wa kisiwa hichohicho, aliulizwa hayo. Alijibu kwamba asili ni kumdhania mema Mwislamu; huenda amebaki kwa dharura au kwa nia sahihi, hivyo uadilifu wake hauanguki kwa kubaki tu. Ama uteuzi, watu hawana budi kupata wa kuwaamulia, basi kuwekwa na kafiri hakubatilishi hukumu zake. Swali hili si geni kwetu: makadhi wa Mombasa walihukumu chini ya Waingereza, na wa Kenya leo wametajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010.

Ibn Jubayr alipopita mwishoni mwa 1184 aliikuta adhana ikisikika na kadhi yupo, lakini khutba ya Ijumaa imekatazwa. Aliona pia hofu nyuma ya ukarimu wa mfalme, na hakukosea. Katika karne iliyofuata Mfalme Frederick II aliwahamisha Waislamu wa kisiwa kwa nguvu mpaka Lucera, Italia bara. Mwaka 1300 Charles II wa Anjou akaivunja jamii hiyo, na wengi wakauzwa utumwani.

Lucera hatukufika. Iko mbali, na siku zetu zilikuwa zimekwisha.