Usahihi wa kihistoria: neno nililolikosa kwenye kibanda umiza

Kidahwe, pale barabara inapogawanyika, moja ikishika njia ya Kasulu na nyingine ya Uvinza, niliwahi kukesha kwenye kibanda umiza. Mabenchi yalijaa, jenereta inanguruma nyuma ya turubai. Mkanda wa usiku huo ulikuwa Fist of Fury, Bruce Lee akiwa Chen Zhen, mwanafunzi anayemlipizia kisasi mwalimu wake, Huo Yuanjia. Picha ilipokwisha, kijana aliyekaa mbele yangu aligeuka akaniuliza: "Mwalimu, hivi huyu steringi alikuwepo kweli, au wametunga tu?"

Nikamwambia Huo Yuanjia alikuwepo, na alifariki Shanghai mwaka 1910, mwaka uleule ilipoanzishwa Jingwu, shule ya mapigano inayohusishwa na jina lake. Chen Zhen hakuwahi kuishi; alibuniwa kwa ajili ya filamu hiyo ya 1972. Kijana akatikisa kichwa. "Basi picha yenyewe ni ya uongo."

Nilikosa jibu. Nilijua hajasema sawa, lakini neno la kumwonyesha alipoteleza sikuwa nalo mdomoni. Neno lenyewe ni usahihi wa kihistoria, na nataka nilitetee hapa, kwa sababu wengi wetu tunaweka mengine mahali pake.

Maana yake ni kiasi ambacho kazi ya kubuni inapatana na mambo yaliyothibitishwa kuhusu wakati na mahali inapopasimulia: nani alikuwa hai, nani alitawala, watu walikula nini, walivaa nini, walisafiri kwa chombo gani. Wapo wanaoandika "uhalisia wa kihistoria". Naomba tuliache. Uhalisia tayari lina kazi yake katika uhakiki wetu: ni mtindo wa kuyasawiri maisha kama yanavyoonekana, na hadithi inaweza kuufuata mtindo huo kwa ukamilifu huku tarehe zake zote zimekosewa. "Ukweli wa kihistoria" nalo ni zito mno hapa. Kinyume cha ukweli ni uongo, na ndilo lililomponza yule kijana. Mtunzi hadanganyi anapobuni mtu.

Sahihi ni neno lenye historia yake. Aliyesoma madrasa Ujiji anajua hadithi sahihi ni ipi: ni ile ambayo mnyororo wa wapokezi wake umekaguliwa, mmoja baada ya mwingine, ukaonekana hauna kasoro. Halafu Kiswahili kikalipa neno hilohilo kazi ya pili, sahihi ya mkono, alama anayoiweka mtu chini ya karatasi ili aulizwe yeye baadaye. Maana zote mbili naziona ndani ya istilahi yetu. Jambo lenye usahihi ni jambo unaloweza kulifuata hadi kwa aliyelishuhudia, na lina mtu wa kulijibia. Neno "kweli" halikupi hilo.

Turudi Uchina, maana huko ubishi huu ni wa siku nyingi. Riwaya za mapigano huitwa wuxia: wu ni mambo ya vita na silaha, xia ni jasiri anayewasimamia wanyonge. Bingwa wake, Jin Yong wa Hong Kong, aliziandika kuanzia 1955 hadi 1972, na alipenda kuwachanganya watu wake na watu wa historia. Mtawa Qiu Chuji, ambaye katika riwaya ni mpiganaji hodari, aliishi kweli, na mwaka 1222 alifika mbele ya Genghis Khan. Lakini katika riwaya nyingine Jin Yong anamuua Möngke Khan, mtawala wa Wamongolia, mbele ya mji wa Xiangyang, kwa jiwe lililorushwa na steringi. Möngke wa historia alifariki 1259 wakati wa kuizingira ngome ya Diaoyu, mbali na hapo. Mwaka 1966 Liang Yusheng, mtunzi mwenzake wa riwaya hizo, alimkosoa kwa jina la bandia: umemweka binti wa enzi ya Song, ukamwimbisha wimbo wa enzi ya Yuan. Wimbo ule ulitungwa miaka mingi baada ya wakati wa hadithi. Hili naliita kosa la wakati: kitu kimewekwa katika enzi ambayo hakikuwa kimezaliwa.

Tazama Liang Yusheng hakukosoa nini. Hakusema watu hawawezi kuruka juu ya mapaa. Kuruka ni kanuni ya utanzu, kama sungura wa ngano zetu anavyosema na fisi, na msikilizaji ameikubali kabla hajaketi. Usahihi hupimwa kwa yale ambayo mtunzi anamwachia msomaji ayaamini kuwa yalitokea.

Ndiyo maana naona Chen Zhen hana tatizo, ila filamu ya Fearless ya 2006 inayo. Ile ilimchukua Huo Yuanjia mwenyewe, kwa jina lake, ikaonyesha familia yake ikiuawa. Huo wa kweli aliacha kizazi, na mjukuu wake akaenda mahakamani kuwashtaki waliotengeneza. Ukitumia jina la mtu aliyeishi, unawagusa walio hai.

Sisi wa Ziwa Tanganyika tunalihitaji neno hili kwa haraka zaidi, kwa kuwa hadithi zetu nyingi za kale bado hazijaandikwa. Mtu akitunga riwaya ya mwambao wa Tanganyika wakati wa Genghis Khan, asimpe steringi wake ugali wa muhogo kwa migebuka, hata kama ndicho chakula chetu cha leo. Migebuka aiache, ni ya ziwani. Muhogo na mahindi vilitoka Amerika, na vilifika Afrika baada ya 1500. Ampe mtama au ulezi. Akiandika kuhusu Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, wavuvi wa dagaa asiwape karabai, awape mienge. Na wapagazi wa vita vya 1914 asiwapandishe Liemba. Meli ipo, ndiyo hiyohiyo, lakini wakati ule iliitwa Graf von Götzen. Jina la Liemba ilipewa 1927, baada ya kuzamishwa 1916 na kuinuliwa 1924.

Akitaka kubuni, abuni, na aseme. Ebrahim Hussein alifanya hivyo katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya 1969: alieleza mwanzoni kabisa kwamba huyu wa jukwaani ni wa kubuniwa, si yule Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Wasomaji hawakupunguza mapenzi yao kwake kwa sababu hiyo.

Ndugu zangu mnaotia sauti ya Kiswahili kwenye picha za Kichina, mlio warithi wa kazi ya Lufufu, mtia sauti aliyewatangulia, ombi langu ni dogo. Mmezoea kusimamisha maneno ya steringi mkatueleza mambo. Siku mkanda ukiwa wa Huo Yuanjia, tumieni nusu dakika mtuambie yupi aliishi na yupi ametungwa. Kijana wa Kidahwe ameuliza, na anawasikia ninyi kuliko mimi.