Rusumo mpaka Butare kwa basi

Nimerudi. Tangu Jumapili kila ninayekutana naye kwenye korido ananiuliza Rwanda ikoje, na wengi mnataka kujua nauli tu. Nauli tutaongea kantini. Leo ni historia, mtanivumilia, maana nilipanda mabasi yale na kichwa kimejaa miaka.

Nchi yenyewe ni ndogo, kilometa za mraba 26,338. Mkoa wa Morogoro peke yake unaizidi zaidi ya mara mbili. Mtu mwenye begi moja mgongoni anaweza kunywa chai mpakani asubuhi na jioni akala upande wa pili wa nchi. Lakini udogo huo umefanya mambo mengi yatokee kwenye barabara zile zile, unapita juu yake huku umesinzia.

Nililala Kahama, alfajiri nikadaka basi la mpakani. Tukasimama Benaco watu wakanunua ndizi, halafu barabara ikateremka hadi mto Kagera, maporomoko ya Rusumo. Hapo ndipo alipovuka Mjerumani Gustav Adolf von Götzen mwezi Mei 1894, akiwa na wapagazi mamia. Safari yake ilianzia Pangani Desemba 1893. Alikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuingia Rwanda na akaonana na mwami Kigeli Rwabugiri. Sisi tunamjua kwa habari nyingine, ndiye aliyekuwa gavana Maji Maji ilipoanza 1905.

Miaka 100 baadaye, karibu tarehe zile zile, Aprili 28 na 29, 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka Rusumo kuja kwetu ndani ya saa 24. Hebu fikiria, saa 24! Benaco ya ndizi ikageuka mji wa mahema. Wengi wao walikuwa Wahutu wanaokimbia majeshi ya RPF, na ndani yao walikuwemo waliotoka kuua. Watutsi waliokuwa wanawindwa, wengi hawakuvuka popote. Mto huu ulibeba maiti zao mpaka Ziwa Victoria.

Ukishagongewa mhuri, gari linahamia kulia. Hiyo ni alama ya Mbelgiji, aliyeichukua Rwanda kwa Mjerumani 1916. Na jambo ambalo shuleni sikumbuki kufundishwa: mwaka 1919 ukanda wa mashariki, Gisaka, walipewa Waingereza kwa sababu walikuwa wanaota reli ya Cape mpaka Cairo. Yaani basi linapopanda vilima vya Kibungo uko mahali palipokaribia kuwa Tanganyika. Mwami Musinga na wamisionari walipinga, na miaka ya mwanzo ya 1920 Gisaka ikarudishwa. Reli haikujengwa.

Kigali nitaipita haraka, picha mmeshaziona. Stendi ni Nyabugogo, unakata tiketi ya mashine yenye saa, na saa ikifika basi linaondoka hata kama viti viko wazi (ndiyo, nilishangaa na mimi). Nikachukua la kwenda Huye, kusini, kama kilometa 135 za kona tupu.

Njiani askari wakatusimamisha, mmoja akaingia kuomba vitambulisho. Mimi nikatoa pasi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, Kiswahili chake cha upande wa Kongo. Askari aliposhuka nikamwomba nione kile cha kwake. Akanipa.

"Soma, mtoto yangu. Unaona wameandika kabila?"

"Hapana mama."

"Basi."

Akakirudisha kwenye mkoba, hatukuongea tena mpaka Nyanza.

Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Kitambulisho chenye kabila waliki­leta Wabelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1930, kila mtu akaandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Uhuru ukaja Julai 1, 1962, wakubwa wakabadilika, karatasi ikabaki. Mkataba wa Arusha wa Agosti 1993 ulikubali neno hilo lifutwe. Hawakufuta. Aprili 6, 1994 Rais Habyarimana alikuwa anarudi kutoka kwenye kikao hapa hapa Dar es Salaam, ndege yake ikatunguliwa Kigali, na baada ya saa chache vizuizi vikawekwa barabarani. Kwenye kizuizi hawakuwa na haja ya kukuhoji. Walisoma kitambulisho, na mstari mmoja ukaamua kama unaendelea na safari au unashushwa kuuawa. Mtu ambaye hakuwa nacho naye alihesabiwa anaficha kitu. Kwa hiyo wasomi wanaosema "chuki za kale" huwa wananikera. Chuki za kale hazigongwi mhuri ofisini.

Huye wazee bado wanaiita Butare, na kabla ya hapo iliitwa Astrida, kwa jina la malkia Astrid wa Ubelgiji. Ni mji wa chuo, kilianza 1963. Mwaka 1994 mkuu wa mkoa huu, Jean-Baptiste Habyalimana (si ndugu wa rais, majina tu yanafanana), alikuwa Mtutsi pekee mwenye cheo hicho nchi nzima. Wakati kwingine watu wanachinjwa yeye alizuia, na karibu wiki mbili Butare ikabaki na utulivu kiasi kwamba watu wa mikoa mingine walikimbilia huko. Aprili 17 akaondolewa kazini. Aprili 19 rais wa muda, Sindikubwabo, mwenyeji wa Butare, akaja kumsimika mpya na kuwasuta wenyeji kwa kukaa pembeni. Mauaji yakaanza na hayakubakiza mahali. Hospitali ya chuo waliuawa mpaka wagonjwa. Habyalimana naye aliuawa, na familia yake.

Kilichonishika ni zile wiki mbili. Mtu mmoja ofisini, hana jeshi lake, na mji mzima ukamsikiliza. Ilibidi serikali itoke huko ilikokuwa imekimbilia, Gitarama, barabara hii hii niliyopita na basi, ije kumwondoa.

Ndani ya kampasi kuna kumbukumbu ya wanafunzi na wafanyakazi wa chuo waliouawa. Nilikaa pale kama saa moja. Wanachuo walikuwa wanapita na madaftari, wengine wanabishana kuhusu matokeo, kama sisi tu.

Kesho yake nikapanda basi la Kamembe kupitia msitu wa Nyungwe, kule Wabelgiji walikomhamishia Musinga walipomvua umwami 1931. Hiyo nitaandika nikimaliza test ya Jumatatu.