Mashamba ya Wageni Waliofukuzwa Usa

Msafiri atokaye Arusha kwenda Moshi, akishaipita Tengeru na kufika Usa River, huingia katika ardhi iliyopata mabwana wengi kwa muda mfupi. Wengine miongoni mwao hawakuuza wala hawakufa, walifukuzwa nchini. Watu hudhani kumfukuza mgeni ni kumpandisha chomboni tu. Usa yatufundisha kwamba chombo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni shamba aliloliacha.

Wajerumani walipoitawala nchi waliwanyang'anya Wameru na Waarusha ardhi ya chini ya mlima, wakawapa walowezi. Leganga waliiita Leudorf, na baadhi ya waliowekwa huko walikuwa Wajerumani waliotoka Urusi. Mwezi wa Machi 1916 Waingereza waliitwaa Arusha. Kisha Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 122, uliipa serikali yenye kutawala uwezo wa kuwarudisha Wajerumani kwao, na wa kuamua nani akae, nani amiliki mali na nani afanye biashara. Hapo hapaulizwi kosa la mtu. Huulizwa taifa lake. Na huko "kwao", kwa mtu aliyetoka Urusi akaja kulima Leganga, kulikuwa wapi? Sheria haikujishughulisha na swali hilo. Mwenye shamba alipoondoka, Msimamizi wa Mali ya Adui alilishika na kuliuza. Wagiriki walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Wameru, waliokuwa na ardhi ile kabla ya wote, walitazama tu.

Mwaka 1925 katazo liliondolewa, Wajerumani wakarejea. Septemba 1939 vita vilizuka tena, na wanaume wao walikamatwa na kutiwa kambini. Wengi walipelekwa Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini, na baada ya vita wakarudishwa Ujerumani.

Wakati huo huo, hapo Tengeru, palikuwa na wageni wa namna nyingine. Tangu 1942 walikaa Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokwisha kuhamishwa kwa nguvu na Urusi ya Stalin. Vita vilipokwisha, wengi walikataa kurudi, maana nchi yao ilikuwa chini ya Wakomunisti na makwao wengi yalikuwa yamechukuliwa na Urusi. Ilibidi watafutiwe nchi za kuwapokea: Uingereza, Kanada, Australia. Wachache walibaki, na makaburi ya wenzao yapo Tengeru hata leo.

Mashamba ya Wajerumani yalikuwa tena mikononi mwa serikali. Jaji Mark Wilson, katika taarifa yake ya 1947, alishauri baadhi yake wapewe wenyeji waliosongamana mlimani, bali Engare Nanyuki itengwe kwa wafugaji wa Kizungu. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa huko kwa askari, nyumba zao zikachomwa moto. Hawakuwa wageni wa nchi yoyote, lakini walitendwa kama adui alivyotendwa, tena pasipo vita.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliyapeleka malalamiko yao New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Kamati iliwaunga mkono. Katika Baraza Kuu kura hazikufika theluthi mbili.