Shetani alikuwa cheo kabla ya kuwa jina

Juma lililopita nilihudhuria mazishi ambapo kijana mmoja, mpwa wa marehemu, aliomba hesabu ya pesa za mchango isomwe. Mhubiri alimkata kauli: eti anatumiwa na Shetani, yule yule aliyemdanganya Hawa. Waombolezaji wakaitikia amina. Mimi nilinyamaza, maana matangani si mahali pa kubishana. Hapa ukumbini naomba nibishe kidogo.

Mwanzo 3 ina nyoka. Haina Shetani. Katika Biblia tunayoisoma makanisani mengi, anayewaunganisha wawili hao waziwazi ni mwandishi wa Ufunuo, sura ya 12, karne nyingi baadaye. Katika safari hiyo ndefu, neno lenyewe lilibadilika.

Kwa Kiebrania, satan ni nomino ya kawaida tu: mpinzani, mshitaki, mtu anayekuzibia njia. Katika Hesabu 22, malaika wa Mungu mwenyewe anasimama kama satan mbele ya Balaamu na punda wake. Katika 1 Samweli 29, wakuu wa Wafilisti wanahofia kwamba vitani Daudi atawageukia, awe satan wao. Naam, Daudi! Watafsiri wa Biblia yetu ya Union, iliyotoka mwaka wa 1952, hawakuandika "Shetani" katika aya hizo. Walifasiri maana, nao walifanya vyema.

Ugumu unaanzia kwa Ayubu. Hapo Kiebrania kinasema ha-satan, na hiyo ha- ni kibainishi, kitu kama "yule". Jina la mtu kwa Kiebrania halibebi kibainishi hicho. Basi anayetajwa ni mwenye cheo, mfano wa kiongozi wa mashtaka katika baraza la mbinguni. Anaomba ruhusa, anapewa mipaka, anaitii. Zekaria 3 inamwonyesha kazini vivyo hivyo. Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo, nasi tukaandika Shetani kwa herufi kubwa, ilhali Kiebrania hakina herufi kubwa. Herufi moja ikamgeuza afisa kuwa mtu mwenye jina. Siwalaumu watafsiri wetu. Waingereza walifanya vilevile.

Hebu linganisha pia 2 Samweli 24 na 1 Mambo ya Nyakati 21. Ni sensa ile ile ya Daudi. Katika kitabu cha kwanza, hasira ya Mungu ndiyo inayomchochea Daudi awahesabu watu. Katika cha pili, kilichoandikwa baadaye, anayemchochea ni satan, safari hii bila kibainishi. Mwandishi aliona vigumu kumbebesha Mungu jambo lile, akampata wa kulibeba.

Wayahudi waliotafsiri maandiko kwa Kigiriki walitumia diabolos, yaani mchongezi. Wataalamu wengi huona kwamba ndilo lililozaa Iblis ya Kiarabu, na kwetu Ibilisi. Shetani nalo lilitufikia kupitia Kiarabu, na Pwani likachukua wingi: mashetani, pepo wanaopanda kichwani, wanaopigiwa ngoma na kubembelezwa watulie. Huyo hafanani hata kidogo na wa Ufunuo 20, anayefungwa miaka 1,000, akafunguliwa kwa muda mfupi, kisha akatupwa katika ziwa la moto. Hata hivyo Ufunuo haukusahau kazi yake ya zamani: katika sura ya 12, anapotupwa chini, bado anaitwa mshitaki.

Niliwahi kuyasema haya darasani, mwanafunzi mmoja aliyeokoka akaniuliza kwa uchungu, "Kwa hivyo Prof, unasema Shetani hayupo?" Sikusema hivyo. Kuwepo kwake ni suala la imani, nami nina yangu. Nilichosema ni kwamba anayelitumia jina hilo kumnyamazisha mtu hana budi kujua limetoka wapi.

Kwa Kiebrania cha Ayubu, mhubiri wetu hakukosea sana. Yule kijana alikuwa mshitaki, na alichotaka ni hesabu. Hadi ninapoandika haya, haijasomwa.